Herufi, Sauti na Nafasi: Kumfundisha Mtoto Alfabeti ya Kiswahili na Mpangilio Wake



Mada niliyoichagua jioni hii yaweza kuonekana ndogo mno kwa ukumbi wa namna hii. Mihadhara ya Kiswahili imezoea kushughulikia ushairi, lahaja, asili ya lugha, au sera ya lugha katika elimu. Mimi nimekuja kuzungumzia a, be, che, de. Jambo hili kila mmoja wetu alilimaliza kabla hajang'oka meno ya utoto, na huenda ndiyo sababu tumeliachia walimu wa madarasa ya chini peke yao. Ilhali ndani yake mna masuala ya fonolojia, mofolojia na leksikografia ambayo si haki kumtwika mwalimu aliyesimama mbele ya watoto themanini, mkononi ana chaki tu.

Natuwatazame watoto wawili. Wa kwanza ana umri wa miaka sita. Siku ya mahafali ya chekechea husimama mbele ya wageni akaimba herufi zote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, bila kukwama, na wazazi wakapiga makofi. Ukimwandikia neno “meza” ubaoni, hawezi kulisoma. Ukimwonyesha ile M peke yake na kumwuliza ni herufi gani, huanza kuimba upya kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza, mpaka aifikie. Wa pili yuko darasa la tano, na kusoma anasoma kwa ufasaha. Katika kifungu cha habari anakutana na neno “nyufa”. Mwalimu anamwambia atazame kamusi. Anafungua penye N, anapita “nya”, anapita “nye” na “nyi”, anafika “nyu”, neno lake halioni. Anaifunga kamusi na kuinua mkono amwulize mwalimu. Huyu methali ya ufa na ukuta anaijua kwa moyo. Asichokijua ni kwamba “nyufa” imelala kwenye U.

Watoto hawa wawili huhesabiwa kuwa wanajua alfabeti, na kila mmoja amekosa kitu ambacho mwenzake hakukikosa. Hoja yangu ni kwamba neno “alfabeti” linafunika maarifa matatu yaliyo mbalimbali: jina la herufi, sauti ambayo herufi huiwakilisha, na nafasi ya herufi katika mpangilio. Kusoma kunahitaji la pili. Kutafuta kunahitaji la tatu. Mazoea yetu ni kuyafundisha yote pamoja katika mwaka wa kwanza, kwa wimbo mmoja, kisha kuliacha lile la tatu katika umri uleule ambao mtoto anaanza kulihitaji.

Mipangilio iliyotutangulia

Mswahili hakusubiri herufi za Kirumi ndipo ajue kuwa herufi zina mpangilio. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na barua zilizotoka Kilwa mwaka 1711, ambazo zilihifadhiwa Goa, ni miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi tulio nao. Mtoto wa pwani alipopelekwa chuoni alianza na alifu. Msamiati wetu bado unabeba kumbukumbu hiyo. “Herufi” ni neno lenye asili ya Kiarabu; “irabu” vilevile, nayo hapo awali ilimaanisha zile alama zitiwazo juu au chini ya herufi ili msomaji ajue kama ni fataha, kasiri au dhuma.

Kamusi zetu zinayo pia maneno mawili ambayo wengi huyachukulia kuwa visawe tu vya alfabeti, nayo ni abjadi na abtathi. Kwa hakika kila moja ni jina la mpangilio wake. Abjadi huanza kwa alifu, be, jimu, dali. Huo ndio mpangilio wa kale, ulio ndugu wa ule wa Kirumi, na ndani yake kila herufi ina thamani ya namba: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, ye ni 10, kafu ni 20, hadi ghaini ambayo ni 1,000. Wataalamu wa falaki waliutumia katika hesabu zao, na watunzi waliutumia kuficha mwaka ndani ya maneno. Abtathi, kwa upande mwingine, huanza kwa alifu, be, te, the. Hapa herufi zimekusanywa kwa maumbo. Be, te na the ni umbo moja. Tofauti ni nukta moja chini, nukta mbili juu, nukta tatu juu. Jimu huongozana na wenzake wawili wanaofanana naye, dali hufuatwa na dhali, re hufuatwa na ze, sini hufuatwa na shini. Mtoto aliyekwisha kuuzoeza mkono wake kuandika be amebakiza nukta tu ili aandike te.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kidogo kwa sababu lina funzo la kialimu ambalo tumelisahau. Walioutumia mfumo huo walikuwa na herufi zilezile 28, na wakazipanga kwa namna mbili kwa sababu walikuwa na kazi mbili: moja ya kuhesabu, nyingine ya kufunza mkono. Hawakuona ajabu kwamba mpangilio mmoja haukidhi haja zote. Watunzi wetu nao waliuonea fahari mpangilio huo. Katika karne ya 19, Sayyid Umar bin Amin, kadhi wa Siyu, alitunga Dura Mandhuma, utungo ambao beti zake zinafuatana kwa herufi za Kiarabu.

Ama mpangilio wa Kirumi, huo haukujengwa juu ya sauti wala juu ya maumbo. Vigae vya udongo vilivyofukuliwa Ras Shamra nchini Syria, vyenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, tayari vinaonyesha mfuatano ulio karibu na huu wetu. Wafoinike waliuchukua, wakawapa Wayunani, na kwa kupitia Waetruska ukawafikia Warumi. Njiani uliparaganyika. Herufi Z, ambayo kwa Wayunani ilikuwa karibu na mwanzo, Warumi waliiondoa kwa kukosa kazi ya kuipa, na kiti chake akakalia G. Baadaye, walipohitaji kuandika maneno ya Kiyunani, waliirudisha pamoja na Y, na kwa kuwa viti vya mbele vilikuwa vimejaa, ikawekwa mkiani. J ilizaliwa kutokana na I, na U na W zilitokana na V, katika zama za baadaye sana za Ulaya. Hivyo basi, mwalimu anayeanza kufundisha kusoma kwa A, B, C, D kwa hoja kwamba ndivyo zilivyo “za mwanzo”, anawafuata wafanyabiashara wa Tiro na Sidoni, na hafuati ulimi wa mtoto aliye mbele yake.

Jina si sauti

Njia yetu ya jadi ya kufundisha kusoma ni a, e, i, o, u kwanza, kisha ba, be, bi, bo, bu. Wako wanaoidharau na kuiita kasuku. Mimi naitetea. Silabi za Kiswahili, kwa sehemu kubwa, huishia na irabu, na irabu ni tano tu zisizobadilika sauti. Mtoto aliyejua irabu hizo pamoja na b, k, l, m na t anaweza kusoma baba, mama, kaka, bata, kuku, kima, meli, taa, lala, kula. Herufi kumi zinampa maneno ya nyumbani kwao. Hakuna mtoto wa Kiingereza anayefika hapo kwa herufi kumi. Ukasuku haumo katika njia yenyewe. Unaingia pale darasa zima linapoimba ubao kwa sauti moja na hakuna anayeulizwa silabi ya tatu katika mstari wa pili.

Tatizo la kweli huanza pale jina la herufi linaposimamishwa mahali pa sauti yake. Majina tunayoyatumia, be, che, de, ge, te, pe, yana irabu e ndani yake. Mtoto anayeambiwa kwamba alama T “ni te” ana haki ya kuandika “tmbo” akikusudia tembo, na “pmbe” akikusudia pembe. Mwalimu humpiga mstari mwekundu. Lakini mtoto huyo hakuzembea. Ameitumia alama kama alivyoelezwa, na kwa kweli ameonyesha sikio zuri. Kosa lake linatibiwa kwa kumtenganishia mambo mawili: alama hii inaitwa te, nayo ikikutana na a hutoa ta. Ile desturi ya kutaja “te, a, ta” kwa sauti ina maana tu iwapo mtoto ameelewa kwamba “te” ni jina la mtu na “ta” ni kazi yake.

Jambo huzidi kuwa zito katika shule za awali za mijini ambamo mtoto hufunzwa majina ya Kiingereza asubuhi na silabi za Kiswahili baada ya uji. Kwa Kiingereza, A huitwa “ei”, E huitwa “i”, na I huitwa “ai”. Tazama mgongano huo. Jina la E kwa Kiingereza ni sauti ya I kwa Kiswahili. Mtoto akitaka kuandika “kiti” kwa kufuata majina hayo ataandika “kete”, na kete ni neno kamili lenye maana yake, kwa hiyo hata mwalimu anayesahihisha kwa haraka hataliona kosa. Simaanishi kwamba mtoto asifunzwe Kiingereza. Nasema kwamba irabu tano za Kiswahili zingepaswa kukaa kwanza kichwani mwake hadi zitulie, ndipo zipewe majina ya ugenini.

Na ule wimbo? Wimbo wa alfabeti unaoimbwa karibu kila chekechea ulichapishwa Boston, Marekani, mwaka 1835, na Charles Bradlee, kwa tuni ya Kifaransa iliyokuwa ikijulikana tangu karne ya 18. Ulipimwa kwa herufi 26 zenye majina ya Kiingereza. Pale katikati, L, M, N, O, P zinabanwa katika pumzi moja kiasi kwamba watoto wengi huamini ni neno moja. Tuni ni nzuri, na mimi sina ugomvi na kuimba. Ila tusimhesabie mtoto kuwa anajua kusoma kwa sababu amekariri tuni. Tanzania ilipoanzisha mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu, ule ujulikanao kama KKK, ilikubali jambo la msingi: stadi hizi hupimwa kwa mtoto kuzitenda.

Kabla sijatoka katika kusoma, niitaje silabi moja ambayo ubao wa ma, me, mi, mo, mu huisahau. Ni m yenyewe. Mtoto aliyefuzu mstari huo kikamilifu anapokutana na “mtu”, “mti” na “mtoto”, hutafuta irabu ya kuishika m na hazioni, basi huzua yake: “mutu”, “muti”. Katika Kiswahili sanifu m hapa ni silabi kamili, inajitegemea, kama ilivyo n katika “nchi” na “nta”. Maneno haya ni ya kila siku. Ningetamani kila ubao wa silabi uwe na chumba cha m peke yake, mbele ya ma.

Masikio husikia moja, macho huona mbili

Kiswahili hutumia herufi 24 kati ya zile 26, kwa kuwa Q na X hazina kazi katika maneno yake. Hata hizo 24 si zote zilizo huru, maana C haisimami pasipo H. Tukihesabu kwa sauti, tukaongeza ch, dh, gh, kh, ng', ny, sh na th kama vipande kamili, na tukaiondoa C, tunapata orodha ya vipande 31. Vitabu vingine hufundisha orodha ya kwanza, vingine ya pili, na si ajabu mtoto akahamia shule nyingine akaambiwa alfabeti aliyoijua siyo.

Orodha zote mbili ni sahihi, kila moja kwa kazi yake. Mtoto anayejifunza kusoma lazima aione sh kuwa kitu kimoja, la sivyo atasoma “shati” kama “sihati”. Mtoto anayetafuta neno lazima aione sh kuwa S inayofuatwa na H, kwa sababu katika kamusi “shamba” liko baada ya “sebule” na kabla ya “simu”. Akidhani kwamba sh ni herufi yenye nafasi yake, atalitafuta baada ya maneno yote ya S kwisha. Lugha nyingine zimepita njia hii. Wahispania waliipa ch nafasi yake baada ya c katika kamusi zao, hadi mwaka 1994 akademia zao zilipoamua kuipanga kama herufi mbili. Wawelshi hadi leo wameshikilia herufi zao za alama mbili, na kwao ng hufuata g.

Kwetu uamuzi ulikwisha kufanyika kwa vitendo, kwa kuwa kamusi zetu hupanga kwa herufi mojamoja. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mtoto. Katika darasa la tatu hivi yafaa aambiwe waziwazi kwamba masikio husikia moja, macho huona mbili, na kamusi hufuata macho.

Kuhusu Q na X sitachukua muda mrefu. Mabango ya ukutani yenye vyumba 26 huzijazia picha za vitu visivyo na jina la Kiswahili, na mtoto hubaki akishangaa. Ziwekwe kwenye mpangilio, kwa kuwa darasani huenda yumo Xavier na kwenye simu ya baba zimo. Lakini kwenye ubao wa silabi zisiwepo. Hizo ni wageni wanaojulikana kwa kiti tu, kama ilivyokuwa Z kwa Warumi.

Msitu wa M

Sasa nafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, ndipo penye uzito wa mada yote.

Mazoezi ya mpangilio wa alfabeti yaliyomo katika vitabu vingi vya watoto yamefuata mfano wa vitabu vya Kiingereza: mtoto hupewa maneno matano yaanzayo kwa herufi tano tofauti, bata, chungwa, embe, kuku, nyumba, ayapange. Zoezi hilo ni rahisi na linapendeza kusahihisha. Lakini Kiswahili hakikujengwa hivyo. Nomino zetu huanza kwa viambishi vya ngeli, na viambishi ni vichache. Watu huanza kwa m: mtu, mtoto, mwalimu, mpishi. Miti huanza kwa m: mti, mwembe, mnazi, mgomba. Vimiminika na majumla huanza kwa ma: maji, maziwa, mafuta. Kwa hiyo mtoto aliyejua kwamba neno lake linaanza kwa M hajafika popote, yumo msituni. Anachohitaji ni herufi ya pili, ya tatu, na mara nyingi ya nne. Apewe mtu, mtama, mtoto, mti, naye azipange: mtama, mti, mtoto, mtu. Akiweza hizo apewe mbwa, mchwa, mbuzi, mdudu, mchele. Atagundua mwenyewe kwamba “mbuzi” inaitangulia “mbwa” kwa sababu U iko kabla ya W, na kuanzia siku hiyo mkia wa alfabeti, ambao katika wimbo hupita kwa kasi, utakuwa na maana kwake.

Hilo bado ni jepesi. Gumu ni kwamba neno analoliona mtoto katika kifungu mara nyingi silo lililomo kwenye kamusi. Tangu Krapf mwaka 1882 na Madan mwaka 1903, waandishi wa kamusi za Kiswahili wamelazimika kuamua neno litaingia kwa uso gani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikusanya vinyambuo vingi chini ya kitenzi mama. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, na zilizofuata baada yake, zikiwemo Kamusi Kuu ya Baraza la Kiswahili la Taifa ya mwaka 2015, nazo zimefuata kanuni ambazo mtaalamu huziona za kawaida: kitenzi huingia bila ku-, nomino huingia kwa umoja, kivumishi huingia kwa shina lake.

Sasa jiweke katika nafasi ya mtoto. Ameona “hakutupikia”. Jicho lake linamwambia H. Kidahizo kiko P, na kabla hajafika huko anapaswa kuvua ha-, ku-, na -tu-, kisha akaijua -i- ya kutendea. Ameona “meno”, aende J, kwa kuwa umoja ni jino. Ameona “macho”, vilevile J. “Kuta” iko U, “mbao” iko U, “nyuzi” iko U, ila “nyimbo” iko W. “Njema” iko E. “Jeupe” na “weupe” zote ziko E. Mtoto wa Kiingereza akijua herufi ya kwanza ya neno aliloliona, mara nyingi ameupata mlango. Mtoto wa Kiswahili lazima kwanza alichambue neno, ndipo alfabeti imfae kitu.

Kwa maneno mengine, kutumia kamusi ya Kiswahili ni zoezi la sarufi, na alfabeti ni hatua yake ya mwisho. Ajabu ni kwamba sarufi yenyewe tayari tunaifundisha. Hakuna mtoto wa darasa la tatu au la nne asiyepewa sentensi za kugeuza: andika kwa umoja, andika kwa wingi. Hugeuza nyufa kuwa ufa, meno kuwa jino, nyimbo kuwa wimbo, ukurasa baada ya ukurasa, na wengi hulichukia zoezi hilo kwa kuwa hawaoni linakwenda wapi. Ndilo ufunguo wa kamusi, na hakuna aliyewaambia. Lau mwalimu angemalizia kila zoezi la umoja na wingi kwa swali moja tu, “Sasa neno hili tutalikuta kwenye herufi gani?”, masomo mawili yanayokaa mbalimbali kitabuni yangekutana.

Gharama ya kutofanya hivyo twaiona katika madarasa ya juu. Mwanafunzi asiyeweza kulitafuta neno humtegemea mwalimu kwa kila neno, na mwalimu asipokuwepo hulikisia au huliruka. Anapofika sekondari huanza kuamini kwamba Kiswahili ni lugha isiyo na haja ya kamusi, kwa kuwa “tunakijua”. Vyuoni tunawapokea vijana ambao hawajawahi kuifungua fahirisi ya kitabu. Tunawalaumu kwa uvivu wa kusoma, na ni jambo ambalo lingeweza kutengenezwa wakiwa na miaka tisa.

Darasani

Vifaa vinavyotakiwa si vya gharama. Majina ya watoto wenyewe, kila moja likiandikwa juu ya kipande cha karatasi ngumu, yanatosha kwa muhula mzima. Wapangwe mistari, kila mstari watoto kumi, wajipange kwa majina yao. Hapo ndipo Mariamu na Maryamu watakapobishana nani atangulie, na ubishi huo una thamani kuliko ubao mzima. Wazoezwe kuanzia katikati: taja herufi iliyo kabla ya M na iliyo baada yake, bila kuimba kutoka mwanzo. Kamusi ya Kiswahili ukiifungua nusu kwa nusu utaangukia karibu na M, kwa hiyo mtoto aliyeizoea hiyo ana nanga. Akitafuta “dari” anajua arudi nyuma, akitafuta “tufe” anajua aende mbele.

Majina huzusha swali lingine ambalo wakutubi wanalifahamu. Tumpange mtu kwa jina lake au kwa jina la baba yake? Shaaban Robert katika maktaba hukaa kwenye R, ingawa Robert alikuwa baba yake na sisi sote humwita Shaaban. Muyaka bin Haji, kwa upande wake, hukaa vizuri kwenye M na hakuna amtafutaye kwenye H. Kwa watoto nadhani jina lao wenyewe linatosha. Wakubwa watajua baadaye kwamba ulimwengu una desturi zaidi ya moja.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi mtoto huandika neno kwenye simu na simu humtafutia. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na kwa hakika haja ya kuukariri mfuatano wote kama dua imepungua. Lakini simu huondoa sehemu iliyo rahisi tu. Inamsaidia mtoto asipekue kurasa. Haimwambii kwamba “hakutupikia” ni “pika”, na kamusi nyingi za simu, ukizipa “njema”, zinasubiri uzipe “ema”. Kujua kidahizo bado ni kazi ya mtu.

Kuna mambo mawili ambayo walimu hawawezi kuyamaliza wenyewe, nayo nayaelekeza kwa waandishi wa kamusi. La kwanza ni kamusi ya watoto wenye umri wa miaka minane hadi kumi na miwili, ambayo pamoja na vidahizo vya kawaida ingeorodhesha pia maumbo ya wingi yanayobadili herufi ya kwanza, kila moja mahali macho ya mtoto yanapolitazamia: “meno” kwenye M, na mbele yake mshale wa kumpeleka J. Maumbo hayo katika msamiati wa mtoto si mengi. Kurasa chache zingetosha.

La pili ni ng'. Mwandishi wa kamusi ana njia mbili. Akiipuuza ile alama ya ritifaa, maneno yatafuatana hivi: ngano, ngoma, ng'ombe, ngozi. Akiihesabu ng' kuwa kundi lake, yatakuwa ngano, ngoma, ngozi, kisha ng'ombe. Wataalamu hutofautiana, na kila upande una hoja yake. Kwa mtoto mimi naichagua njia ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayokubaliana na kanuni tuliyomfunza juu ya sh na ch, kwamba kamusi hufuata herufi. Lakini kuchagua kwangu hakutoshi. Baraza la Kiswahili la Taifa kwa Tanzania Bara, lile la Zanzibar, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki wanaweza kukaa mezani wakalimaliza suala hili kwa kikao kimoja, ili kitabu kitakachochapishwa Nairobi na kile cha Dar es Salaam viwaweke ng'ombe zizi moja.